Vitalu vya Kitale, Hojaji za Bungoma: Historia ya Njia ya Uzamifu wa Takwimu

Maandalizi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayelenga uzamifu wa takwimu yana mizizi ya zamani magharibi mwa Kenya kuliko vyuo vikuu vyenyewe vya huko. Kitale iko mashariki mwa Mlima Elgon na Bungoma kusini mwake, na miji yote miwili ilikuwa viwanja vya takwimu kabla chuo kikuu hakijasogea karibu. Kitale ilijulikana kwa majaribio: kitalu hiki kipewe mbegu gani, kile kipewe mbolea ipi, na kura ndiyo iamue. Bungoma ilijulikana kwa sampuli: kaya chache zichaguliwe kwa nasibu ili zisemee nyingi. Orodha ya kozi za takwimu katika chuo chochote cha Kenya leo ina mambo yote mawili, kila moja na jina lake. Hisabati tupu, ile ya kuthibitisha nadharia, ndiyo iliyochelewa kufika, na ndiyo inayomkwamisha mwanafunzi hadi leo.

Kuhesabu kulianza kwa ubaguzi. Trans Nzoia, wilaya ambayo mji wake ni Kitale, ilitengwa kuwa nchi ya walowezi, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Serikali ya kikoloni iliwapelekea walowezi fomu za sensa ya kilimo: ekari zilizolimwa, magunia yaliyovunwa, idadi ya ng'ombe. Walowezi walikuwa wachache, walijua kuandika, na kila mmoja alikuwa na anwani. Kazi ya ofisi ilikuwa kujumlisha tu. Upande wa Bungoma, uliokuwa sehemu ya Kavirondo Kaskazini, hapakuwa na fomu. Maofisa walikisia mavuno kwa macho na kwa mahindi yaliyopita sokoni, kisha kisio hilo likachapishwa katika ripoti ya mwaka kana kwamba limepimwa.

Sensa ya Agosti 1948 ndiyo ya kwanza kuwahesabu Waafrika wa Kenya kwa utaratibu wa kisasa. Iliendeshwa na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki chini ya C. J. Martin, na ilikuwa na hatua mbili: hesabu fupi ya watu wote, kisha hesabu ya kina ya sampuli ya asilimia 10. Kilimo kilisubiri zaidi. Sensa ya sampuli ya mashamba ya Waafrika ilifanywa mwaka 1960/61, Uhuru ukiwa umebisha hodi, na baada ya Ofisi Kuu ya Takwimu kuundwa mwaka 1972 ukafuata Uchunguzi Unganishi wa Vijijini wa 1974/75.

Ubaguzi huo ulikuwa na matokeo ambayo hayakukusudiwa. Fomu za walowezi zilihitaji karani anayejua kujumlisha. Mashamba ya Bungoma, kwa kuwa yalikuwa maelfu kwa maelfu na hayangeweza kuhesabiwa yote, yalihitaji nadharia. Mtu anayechagua kaya mia kati ya kaya elfu hamsini lazima aeleze kwa nini mia hizo zinatosha, kosa linaloweza kutokea ni kubwa kiasi gani, na lingepungua kwa kadiri gani kaya zikiongezwa. Jibu la mwisho huwashangaza wanafunzi wengi: ili kosa lipungue kwa nusu, sampuli haina budi kuongezwa mara nne. Hayo yote ni uwezekano na variansi. Kwa hiyo swali zito la kihisabati lilikuwa kwa wasiohesabiwa.

Kitale ilipata nadharia yake kwa njia ya mahindi. Walowezi walikuwa wamepanda aina nyeupe zenye asili ya Marekani na Afrika Kusini, zikachanganyika kwa miaka na kuzaa mahindi ya kienyeji ya nyanda za juu. Mwaka 1955 Michael Harrison alianzisha huko kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi, na mwaka uliofuata Kampuni ya Mbegu ya Kenya ikaundwa, makao yake yakiwa Kitale. Mbegu iliyoitwa Kitale Sinthetiki ya pili ilitolewa mwaka 1961. Harrison alikuwa pia amekwenda Amerika ya Kusini na ya Kati kutafuta mbegu, akarudi na sampuli nyingi. Mojawapo, Ecuador 573, ilipochanganywa na Kitale Sinthetiki ya pili ikatoa mbegu chotara ya H611, iliyowafikia wakulima mwaka 1964. Ukoo wa H614, mbegu ambayo wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma waliikumbatia kwa miongo mingi, unaanzia hapo.

Hakuna mbegu iliyotoka bila jaribio. Utaratibu wenyewe ulikuwa umebuniwa Rothamsted, Uingereza, ambako Ronald Fisher aliajiriwa mwaka 1919, na ukaelezwa katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu upangaji wa majaribio. Shamba moja halina rutuba sawa kila pembe: huku kuna kichuguu cha zamani, kule maji hutuama. Kwa hiyo eneo hugawanywa katika mafungu, kila fungu likapewa aina zote za mbegu, na nafasi ya kila aina ndani ya fungu ikapatikana kwa kura. Baada ya mavuno, tofauti zote za uzito hugawanywa sehemu tatu: ile inayotokana na fungu, ile inayotokana na mbegu, na ile isiyoelezeka. Mbegu husifiwa pale tu tofauti yake inapoizidi kwa mbali ile isiyoelezeka. Hesabu hizo zilifanywa kwa mkono na kwa mashine za kuzungusha, na tarakimu moja ikikosewa kazi ya siku nzima ilirudiwa.

Katikati ya miaka ya 1960 alifika Kitale S. A. Eberhart, mtaalamu wa jenetiki na takwimu kutoka Idara ya Kilimo ya Marekani, aliyekuwa akifanya kazi Iowa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kilikuwa na maabara ya takwimu iliyoanzishwa na George Snedecor mwaka 1933, na kilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya hesabu za kilimo Marekani. Mwaka 1967 Eberhart, Harrison na Mkenya Festus Ogada walichapisha makala kuhusu mfumo kamili wa uzalishaji wa mbegu katika jarida la Kijerumani la *Der Züchter*. Mwaka mmoja kabla, Eberhart na W. A. Russell walikuwa wametoa katika jarida la *Crop Science* makala fupi ya kurasa chache kuhusu kupima uthabiti wa aina za mimea. Data zake zilikuwa za Marekani, lakini swali lake lilikuwa lilelile la Kitale: je, mbegu inayoshinda kituoni itashinda pia kwa mkulima wa Kimilili, Bungoma? Makala hiyo imenukuliwa na watafiti wa mazao kote ulimwenguni mara zisizohesabika.

Mbinu yenyewe inafaa kuonyeshwa kwa tarakimu za kubuni. Tuseme aina nyingi za mahindi zimejaribiwa katika vituo vitatu, na wastani wa aina zote kwa ekari ni magunia 30 katika kituo cha kwanza, 20 katika cha pili na 10 katika cha tatu. Wastani wa jumla ni 20, hivyo fahirisi za mazingira ni +10, 0 na -10. Aina A imetoa magunia 35, 21 na 7. Wastani wake ni 21, na mteremko wa mstari wake dhidi ya fahirisi ni 1.4, maana yake inanufaika sana na ardhi nzuri na kuumia sana kwenye ardhi mbaya. Aina B imetoa 26, 20 na 14. Wastani ni 20 na mteremko 0.6: haitingishiki. Mkulima tajiri wa Trans Nzoia atataka A, na mwenye nusu ekari isiyo na mbolea atakuwa salama na B, ingawa kwa wastani mtupu A ndiyo bora. Aina C imetoa 30, 14 na 16. Mstari wake, wenye mteremko 0.7, unatabiri 27, 20 na 13, kwa hiyo mbegu hiyo inakengeuka kwa gunia 3, 6 na 3, na hakuna anayeweza kumwahidi mkulima chochote juu yake.

Mwanafunzi wa kawaida hujifunza kukokotoa mteremko huo na kuishia hapo. Anayelenga uzamifu hana budi kuuliza swali la pili. Fahirisi ya mazingira imepatikana kwa wastani wa mavuno yaleyale yanayochunguzwa, ilhali nadharia ya kawaida ya regresheni huchukulia kwamba kigezo cha upande wa kulia kimepimwa peke yake na bila kosa. Je, upimaji wa dhana tete bado ni halali? Wanatakwimu wamelijadili swali hilo kwa miaka mingi, na halijibiki bila aljebra ya matriksi na nadharia ya mgawanyo wa sampuli. Mpaka kati ya mtumiaji wa takwimu na mtakwimu huwa mahali kama hapo.

Kituo cha Kitale kilikuwa pia na A. Y. Allan, mtaalamu wa kilimo bora cha mahindi. Majaribio yake ya wilayani yalichanganya mambo sita kwa pamoja: wakati wa kupanda, idadi ya mimea, aina ya mbegu, palizi, naitrojeni na fosfeti. Kila jambo likiwa na hali mbili, michanganyiko yote ni 64. Aliyafupisha matokeo katika michoro yenye umbo la almasi, iliyochapishwa mwaka 1968 katika gazeti la wakulima, na ujumbe wake haukuwafurahisha wauzaji wa pembejeo: kupanda mapema na kupalilia vizuri kulizaa zaidi ya mbegu chotara na mbolea zilizowekwa kwenye shamba lililopuuzwa. Jambo hilo lisingeonekana kama kila kipengele kingejaribiwa peke yake. Mpango wa vipengele vingi kwa mpigo, ambao Frank Yates aliuendeleza huko Rothamsted miaka ya 1930, ndio uliolifichua.

Baada ya majaribio ukaja uchunguzi wa kaya, na wa kwanza mashuhuri ulikuwa wenyewe kazi ya uzamifu. John Gerhart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alizunguka magharibi mwa Kenya mapema miaka ya 1970 akiwahoji wakulima kuhusu mbegu chotara, na muhtasari wa tasnifu yake ukachapishwa mwaka 1975 na kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilichoko Mexico. Alifuata nyayo za Zvi Griliches, ambaye mwaka 1957 alionyesha kwamba kuenea kwa mahindi chotara Marekani kulifuata mkunjo wenye umbo la herufi S. Gerhart aligundua kwamba katika sehemu bora za magharibi mwa Kenya mbegu hizo zilienea kwa kasi isiyopungua ile ya Marekani. Tasnifu iliandikwa New Jersey, na data zilitoka kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya. Mgawanyo huo wa kazi ulidumu.

Ulidumu kwa sababu za kielimu. Hadi mwaka 1956, Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofungua milango Nairobi, kijana wa Elgon aliyetaka hisabati ya chuo kikuu alielekea Makerere. Kituo cha mafunzo ya takwimu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na Taasisi ya Takwimu na Uchumi Tumizi ya Makerere mwaka 1969. Vyote viwili vilizaa zaidi watumishi wa ofisi za serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi kamili mwaka 1970. Waliotoka shule kama Friends Kamusinga, karibu na Kimilili, walikwenda Nairobi au ng'ambo, na wengi wa waliosoma hisabati walirudi wakiwa walimu, kwa kuwa nchi ilikuwa na njaa ya walimu. Shahada ya ualimu ilikuwa kazi ya uhakika. Kwa mwenye nia ya uzamifu ilikuwa pia njia ndefu, maana nusu ya muda ilikwenda kwa mbinu za kufundisha na somo la pili.

Mabadiliko ya mitaala nayo yalivuruga njia. Hisabati ya kisasa, iliyoletwa miaka ya 1960 na kusisitiza seti na dhana, iliondolewa shuleni mwaka 1981. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza, na kidato cha tano na sita vikafutwa. Katika mfumo wa zamani mwanafunzi alikuwa na miaka miwili ya kalkulasi kabla ya kuingia chuo kikuu. Katika mfumo mpya uwezekano ulikuja kidato cha tatu, na utofautishaji pamoja na ujumlishaji ukabanwa katika kidato cha nne, wakati watahiniwa tayari wanakimbizana na karatasi za majaribio. Chuo kikuu kilifidia kwa kuongeza mwaka, shahada ikawa ya miaka minne, lakini mwaka wa kwanza ukaliwa na yale yaliyoachwa. Athari yake haikuwa ndogo: uchanganuzi halisi, yaani hisabati ya kuthibitisha kalkulasi kutoka misingi yake, ambao mahali pengine huanza mapema, ulisukumwa mbele, na mara nyingi ukafundishwa kwa haraka kwa darasa kubwa.

Vyuo vikuu vyenyewe vilisogea polepole. Moi ilianzishwa Eldoret mwaka 1984, Maseno ikapata hati mwaka 2001, Masinde Muliro ya Kakamega mwaka 2007 na Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013. Bungoma ilipata Kibabii, kilichokuwa chuo cha walimu, kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro mwaka 2011, na hati kamili mwaka 2015. Kwa mara ya kwanza kijana wa Bungoma aliweza kusoma hisabati ya chuo kikuu akilala nyumbani kwao. Kitale, mji wa majaribio, umebaki bila chuo kikuu cha umma chenye hati ya kwake, jambo la ajabu kwa mahali palipochangia hivyo.

Wakati huohuo majaribio yalihama kutoka kwa mahindi hadi kwa watu. Michael Kremer, aliyewahi kufundisha shule ya sekondari Kakamega miaka ya 1980, alianza na wenzake katikati ya miaka ya 1990 kugawa kwa kura vitabu vya kiada kwa shule za Busia, jirani ya Bungoma, na kuanzia 1998 dawa za minyoo katika shule 75. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019 ilimpata kwa kazi ya namna hiyo. Shirika la One Acre Fund lilianza Bungoma mwaka 2006. Kati ya 2012 na 2014 utafiti mkubwa wa maji, usafi na lishe uliandikisha wajawazito 8,246 katika makundi 702 ya vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: lishe iliongeza kidogo urefu wa watoto, lakini maji, vyoo na kunawa mikono havikuuongeza.

Idadi hizo mbili, 8,246 na 702, zinaeleza takwimu nzima ya utafiti huo. Kura ilipigwa kwa kundi la kaya, kwa kuwa majirani huchota maji mahali pamoja na choo cha mmoja humgusa mwenzake. Watoto wa kundi moja hufanana, hivyo mama kumi wa kundi moja hawabebi taarifa sawa na mama kumi waliotawanyika. Anayesahau jambo hilo hupata kosa sanifu lililo dogo kupita ukweli na kutangaza ugunduzi usiokuwepo. Vitalu vya Kitale na kaya za Bungoma zilikutana hapo: kura ya Fisher, fungu, na sampuli ya hojaji katika utafiti mmoja. Wahitimu wengi wa eneo hilo walipata kazi ya kwanza kama wahoji katika tafiti za aina hii. Uchambuzi wa mwisho, kwa sehemu kubwa, ulifanywa vyuo vya Marekani.

Mwanafunzi anayetaka kuvuka kutoka kuhoji hadi kuchambua hujiandaa kwa mpangilio usioruhusu mrukio. Kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra mstari huja kwanza, kwa kuwa regresheni yote ni jiometri ya matriksi. Uwezekano hufuata, kisha makadirio na upimaji wa dhana tete, kisha majaribio, sampuli na misururu ya wakati. Uchanganuzi halisi ndio mtihani wa nia. Sheria ya idadi kubwa, inayoruhusu kaya mia kusemea elfu hamsini, inaweza kukaririwa na yeyote. Kuithibitisha kunadai ufahamu wa mikaribio na mipaka. Idara za Marekani hupima jambo hilo mwaka wa kwanza wa uzamifu, kwa mitihani inayochukulia kwamba mwanafunzi ameshakiweza kitabu cha Walter Rudin cha mwaka 1953 au kingine cha uzito huo. Mwenye alama nzuri za takwimu tumizi na alama dhaifu ya uchanganuzi hukosa nafasi bila kuelewa kwa nini. Kompyuta imekuwa nafuu kwa upande mwingine. Toleo la bure la programu ya takwimu ya GenStat kwa taasisi za Afrika mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha programu ya R isiyolipiwa na yeyote, vimemwezesha mwanafunzi wa Kibabii kurudia hesabu za Eberhart kwa dakika chache.

Njia zenyewe ni mbili. Marekani hupokea wenye shahada ya kwanza moja kwa moja, hulipa karo na posho kwa kazi ya kufundisha, na hutaka barua za wahadhiri wanaomjua mwombaji kwa kazi yake. Mradi wa mwaka wa nne, ukifanywa kwa dhati, ndio huwapa wahadhiri hao la kuandika. Kenya, kwa mfumo wenye asili ya Uingereza, hutaka uzamili kwanza. Kati ya njia hizo kuna madaraja: mpango wa hisabati wa vyuo vya Afrika Mashariki, uliofadhiliwa kutoka Uppsala tangu 2002, na Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, iliyoanza Cape Town mwaka 2003 na kufungua matawi hadi Rwanda, ambayo humpa mhitimu mwaka mmoja wa uzamili wenye ufadhili. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamua kwamba mhadhiri awe na uzamifu, na wahadhiri wasaidizi wengi wa hisabati wakarudi darasani kama wanafunzi katika idara walizokuwa wakifundisha.